Chumvi Ilipopanda Darasani

Mama Vitunguu alijiandikisha darasa la Kiingereza kwa sababu ya mjukuu wake. Mtoto alikuwa akirudi kutoka shuleni anamjibu bibi yake kwa Kiingereza, na bibi hakuwa na njia ya kujua kama anasalimiwa au anatukanwa. Kukaa peke yake kati ya watu asiowajua hakutaka, basi akamburuta mkwe wake, mke wa mwanawe, mwanamke mpole aliyezoea kuitikia "ndiyo, mama" hata kabla ya kuulizwa.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba juu ya duka la vitambaa, lenye viti vya plastiki na ubao uliopinda hata maandishi yote yakaonekana yanateremka mlima. Mwalimu alikuwa kijana mrefu, mwembamba. Wanafunzi walimwita Antena, naye hakukataa.

Jumanne moja Antena aliandika ubaoni maneno mawili, la ukweli huku, la maoni kule. Akaeleza kwamba jambo la ukweli unaweza kulihakiki: ulipime, ulihesabu, ukalitazame. Maoni ni vile mtu anavyoona mwenyewe, na mwenzake anaweza kuona vingine bila yeyote kuwa mwongo. Akashika kiti kilichokuwa karibu, akasema kwamba kiti hiki ni kizuri, hayo ni maoni. Kiti hiki kina miguu minne, huo ni ukweli. Kinyozi mmoja, mwanafunzi aliyekuwa amekikalia, akamwomba aangalie vizuri. Kilikuwa na miguu mitatu na tofali. Antena akainama, akatazama, akakiri kashindwa, akasema hiyo ndiyo raha ya kuhakiki: hata mwalimu anaumbuka.

Neno opinion, maana yake maoni, lilimtoa jasho Mama Vitunguu. Kila alipolitamka lilitoka onion, yaani kitunguu, na kwa kuwa vitunguu ndivyo alivyouza sokoni maisha yake yote, ulimi wake haukuona sababu ya kuhangaika. Darasa likalidaka. Punde ikawa mtu akisema jambo lisilopimika, wote wanaitikia: kitunguu. Kinyozi alisema upara ni ugonjwa wa wavivu. Kitunguu, alisema dereva mmoja wa teksi huku akijishika kofia, tena kilichooza.

Ikafika zamu ya Mama. Alisimama, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akatoa kwa Kiingereza sentensi aliyoifanyia mazoezi tangu nyumbani: mkwe wangu anatia chumvi nyingi mno kwenye mchuzi. Kisha akaongeza kwa Kiswahili kwamba huo ni ukweli mtupu, asije mtu akamtupia kitunguu.

Watu wakaanza kuangalia dari. Antena, ambaye hajaoa na hakujua amekanyaga wapi, akasema "nyingi" ni maoni, na "nyingi mno" ni maoni zaidi. Angetaja idadi ya vijiko, hapo sawa. Mama akamjibu kwamba yeye hahitaji kijiko, ana ulimi.

Ndipo mkwe aliposimama. Tangu aanze darasa hakuwahi kusema zaidi ya jina lake. Alishikilia kiti cha mbele, akasema kwa Kiingereza, neno moja moja kama anayevuka mto juu ya mawe:

"Mama anasema chumvi imezidi. Hayo ni maoni. Mama anakula sahani mbili. Huo ni ukweli."

Kinyozi aliporomoka kitini kwa kicheko. Dereva alipiga meza, hata Antena akageukia ubao, mabega yakimcheza. Mkwe alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama peke yake hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni kwake, kisha akasema Alhamisi itahakikiwa. Yeye na mkwe kila mmoja alete mchuzi wake, naye ataonja akiwa amefungwa macho, mbele ya wote.

Njia nzima Mama alitangulia mbele kwa hatua ndefu. Mkwe alijua kwamba maji ameshayavulia nguo, lazima ayaoge.

Alhamisi asubuhi Mama alipika mchuzi wake wa maharage kwa madaha ya bibi harusi, akamwachia mkwe aubebe, akaenda sokoni. Jioni mkwe alipanda ngazi za darasa na mabakuli mawili. Dereva akamfunga Mama macho, akampa kijiko.

Alionja bakuli la kwanza, uso ukachanua. Akasema huo ni mkono wake, angeujua hata usingizini. Akaonja la pili, akakunja uso, akaomba maji, akayanywa yote. Chumvi tupu, alisema. Ulimi umekauka kama jani. Watu wakamtazama mkwe kwa huruma.

"Mama," mkwe alisema polepole, "yote mawili ni mchuzi wako. Mimi leo sikupika. Nimeugawa tu."

Mama akavua kitambaa. Akachovya kidole huku, akachovya kule, akarudia. Antena naye akaonja, kwa ajili ya elimu, akatikisa kichwa: mchuzi ni mmoja. Basi tumbo la Mama likaanza kutikisika, kicheko kikapanda kifuani, kikamshinda, akaketi sakafuni huku machozi yakimtiririka, akisema ameitukana sufuria yake mwenyewe. Mkwe alijikaza, akashindwa, akaketi kando yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kucheka kwa sauti mbele ya mama mkwe wake.

"Mwanangu," Mama alisema alipopata pumzi, "kumbe una werevu wote huu na unaishi kwangu kimya kimya?"

"Hukuwahi kuniuliza, mama."

Kwa kishindo kile mwenye duka la chini alipanda kulalamika kwamba dari inamdondoshea vumbi kwenye vitambaa. Wakamnyamazisha kwa bakuli. Akala, akafikiri, akasema mchuzi si mbaya, ila umepooza, hauna chumvi kabisa.

Mkwe ndiye aliyemwahi. Alimuuliza kama amepima au anajisemea tu, na Mama akadakia kutoka upande wa pili. Wakambana pale mlangoni, huyu kwa Kiingereza, huyu kwa Kiswahili, mpaka yule bwana akaanza kushuka ngazi kinyumenyume, bakuli mkononi. Antena akafuta ubao, maana somo lilikuwa limeshatoka mikononi mwake.

Mama na mkwe walirudi nyumbani wameshikana mikono, wakimsema mwenye duka njia nzima.