Picha Zilizobaki za Harusi ya Subilaga

1.

Kila asubuhi nikiwa na kazi nafanya vilevile. Nafuta lenzi kwa kitambaa laini. Nachomeka betri mbili. Naingiza kadi kwenye kamera, nabonyeza fomati, nasubiri mstari ujae. Kadi tupu, siku mpya, chai.

Jumanne ile mstari ulijaa, na simu ikaita.

"Tusekile? Subilaga hapa." Bibi harusi wangu wa Jumamosi. Sauti ilikuwa imemkauka. "Baba amefariki alfajiri. Tunazika kesho. Ile picha aliyokuwa anacheka ukumbini, niandalie ile. Hana nyingine. Baba alikuwa hapendi kupigwa picha, unajua."

"Pole sana, dada," nikasema.

Kisha nikakumbuka kwamba Jumapili umeme ulikatika nikiwa nahamisha picha, na kwamba nilijiambia nita

2.

Wewe unayesoma, nisaidie kuhesabu.

Nilizopiga: 612.
Zilizofika kwenye kompyuta: 40, zote za mapambo.
Zilizo kwenye kadi:



3.

UMOJA WA WAPIGA PICHA ZA BIASHARA, TUKUYU
Kanuni (nakala ya mwanachama)

Kifungu cha 7. Mwanachama aliyefuta kadi kwa bahati mbaya:
(a) aitoe kadi kwenye kamera mara moja;
(b) asipige juu yake picha nyingine hata moja;
(c) asianze kulia. Apige simu kwanza.

(Kipengele (c) kiliongezwa kwa kalamu na Katibu.)

4.

Nilijiunga na Umoja miezi minane iliyopita, nilipotoka chuo. Kwenye kundi la simu sikuwahi kuandika neno. Niliweka kidole gumba tu, hadi Kaka Fidelis akanipa jina la Dole.

Niliandika. Nikafuta. Niliandika.

*Mimi:* Nimefuta harusi.
*Fidelis:* Dole ameongea! Jamani, andikeni tarehe.
*Fidelis:* Ngoja. Amefuta nini?
*Mama Ezra, Katibu:* Fidelis, nyamaza. Mwanangu, umeshapiga nyingine juu yake?
*Mimi:* Hapana.
*Mama Ezra:* Mungu mkubwa. Njoo nayo ofisini. Ishike kama yai.
*Mzee Sanga, Mwenyekiti:* Mimi nilifuta ubatizo. Wa mapacha. Njoo, binti.

5.

Hapa naandika mimi, Mama Ezra, kwa sababu binti mwenyewe hataandika jinsi alivyofika.

Alifika na kadi ndani ya soksi safi. Nikaiweka kwenye kompyuta ya Umoja, yenye programu ya kurudisha picha. Tuliinunua kwa pamoja. Hakuna kati yetu ambaye angeiweza peke yake. Nikamwambia itachukua saa sita.

"Nina kazi saa tano, mama," akasema. "Vyumba vya hoteli. Nitaikosa."

Fidelis akachukua kamera ya binti akaenda. Kule akamwambia mwenye hoteli kwamba yeye ni msaidizi wa Bi Tusekile. Fidelis! Miaka kumi na minne kwenye kazi hii, msaidizi!

Nilimpa binti chai. Hakuinywa. Alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta kama mtu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji.

6.

0231   keki
0232
0233   nusu shangazi, nusu kijivu
0234
0235
0236   viatu vya mtu

(kurasa nyingi za namna hii)

0387
0388

Baba.

Kona ya chini ilikuwa kijivu na mkono mmoja haukuwepo. Lakini kicheko kilikuwepo chote, hadi pengo la jino.

Mzee Sanga akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Huyu nampeleka studio kwangu," akasema. "Mkono nitaurekebisha. Fremu ninayo."

Zilirudi mia moja themanini na tisa.

7.

"Sema kadi ilikufa yenyewe," Fidelis aliniambia jioni ile, akinirudishia kamera. "Kadi zinakufa, Dole. Nani atajua?"

"Sisi tutajua," akasema Mzee Sanga.

Akanisomea Kifungu cha 9 bila kuangalia karatasi: *Umoja utamsindikiza mwanachama kwa mteja. Umoja hautasema kwa niaba yake.*

"Mzee, mimi mbele za watu siwezi kuongea."

"Tunajua. Ndiyo maana tunakwenda wote."

8.

Msibani. Turubai, mvua, migomba inayong'aa. Subilaga aliipokea fremu kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, kisha akaigeuza kuwaonyesha mama zake waliokaa kwenye mkeka, na mmoja wao akacheka huku analia.

"Mwenyezi Mungu akubariki, mdogo wangu. Na zile nyingine? Nizifuate lini?"

Mama Ezra alitazama viatu vyake. Mzee Sanga alitazama mvua. Fidelis, ambaye hajui kunyamaza, alinyamaza.

Nilisikia mabega yao karibu na yangu. Sijui niliwahi kushukuru nini maishani kama nilivyoshukuru ule ukimya wao, ambao

"Dada Subilaga."

Sauti yangu.

"Kadi haikuharibika. Niliifuta mimi, kwa mkono wangu, kabla sijahamisha picha zako. Zimebaki chache. Hata hiyo ya baba wameipata hawa watatu. Peke yangu, dada, ningezima simu."