Mkanda wa Zadock

Wakwe zangu walitaka kuzika tunda, mimi nikakataa. Kwetu Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika yago mahali pake, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini. Mume wangu Zadock alikuwa tabibu wa jeshi. Alipelekwa Yugoslavia na wenzake wa kofia za buluu kulinda amani, na mwaka 1993 barua ikaja: hajulikani alipo. Haikusema amekufa. Basi nizike nini?

"Mama Rosa, miaka mbili sasa," baba mkwe, Mzee Ouma, alisema aliponifuata hadi kibandani kwangu katika soko la Kibuye, ninapouza mitumba. "Mtoto yangu atalala wapi?"

"Atalala kwake akirudi, Baba," nilimjibu huku nikikung'uta sweta.

Nilimtamani, sitasema uongo. Kila suruali ya kiume iliyotoka kwenye belo la mitumba niliipima kiuno kwa macho: hii ingemtosha, hii ingempwaya. Zadock alikuwa mwembamba mno. Siku ya kuondoka nilimtobolea mkanda tundu la ziada kwa msumari, likaenda upande, akanicheka mpaka stesheni.

Agosti ya 1995 akaja mwanamume anayechechemea. Aliniuliza jina, kisha akaketi juu ya belo bila kukaribishwa.

"Naitwa Wasike. Tulikuwa na yeye kule."

Akafungua gazeti kuukuu. Ndani mlikuwa na mkanda. Nikalitafuta tundu langu, na lilikuwepo, limeenda upande.

Alisimulia akitazama chini. Mizinga ilipoanza, watatu walianguka barabarani. Zadock akatambaa, akamvuta wa kwanza hadi mtaroni, akarudi kumchukua Wasike. Paja la Wasike lilikuwa linamwaga damu na bandeji zimekwisha, kwa hiyo Zadock akavua mkanda wake akalikaza nao.

"Nikamwambia usirudi, yule wa tatu, Simiyu, amekwisha. Akasema, 'Simiyu bado anaita.' Akaenda ameshikilia suruali na mkono moja. Sisi wenye tumeumia tukacheka, mama. Hata yeye alicheka. Akasema, 'Mama Rosa akisikia nimekufa suruali imeshuka, atanisema mpaka kaburini.' Bomu ikaanguka hapo hapo. Niliona na macho yangu. Hakuna kitu ilibaki ya kubeba."

"Na hii miaka mbili ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naogopa wewe."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kijaluo, asichokijua, mpaka wauza nyanya wakageuka kututazama. Kisha nikamnunulia chai, maana mguu ule ni kazi ya mume wangu.

Jumamosi tulizika yago nyumbani kwao, kando ya miwa ya Muhoroni. Kabla hawajalishusha, niliomba nilishike. Nikalizungushia mkanda. Hata kwenye tundu langu la msumari ulipwaya, maana yago lilikuwa jembamba kuliko yeye. Mzee Ouma akaanza kusema kwamba mkanda haumo katika mila. Akaniangalia, kisha akaenda mwenyewe kuniletea msumari.

"Umekonda sana, Baba Rosa," nikaliambia yago. Nikatoboa tundu jipya, nikamkaza vizuri, asije akaenda huko ameshikilia suruali.