Mvule wa Nyuma ya Nyumba ya Bhoke

Safari ile mjinga alikuwa Kisyeri, na heri tuseme mapema kuliko kumtafutia mwenzake.

Mvule wenyewe ulisimama nyuma ya nyumba ya mkewe, Bhoke, pembeni mwa mji wa Tarime, pale mashamba ya mahindi yalipokuwa yameanza kuliwa na maduka ya mabati. Tawi moja, nene kama fahali, lilikuwa limeinamia paa la nyasi. Upepo ukivuma lilianza kulia, na Bhoke aliwatoa watoto nje hata kama mvua inanyesha.

"Likate, baba Robi."

"Mvule ni wa serikali. Ukigusa hata tawi, ni jela."

"Basi tuhamishe nyumba."

"Kwa mgongo gani?" Kisyeri alikuwa amechoka. Alichoka kule Burma vitani, na mwaka huu wa hamsini na sita alikuwa bado hajapata nafasi ya kupumzika.

Ndipo alipopata akili. Sheria ilikataza shoka. Mkojo wa ng'ombe haikuutaja. Na nani asiyejua kwamba ndani ya zizi halioti hata jani? Akawaita mashemeji, wakang'oa nguzo za zizi, wakazisimika upya kuuzunguka mvule. Ng'ombe wakalala pale vuli nzima.

"Mti ukifa wenyewe," alisema akijipangusa jasho, "nani atamshtaki ng'ombe?"

Mashemeji walicheka hadi pombe ikawapalia. Hakuna aliyemkumbusha kwamba tumbaku yake nzuri kuliko zote aliipanda penye zizi la zamani. Majani hayaoti zizini kwa sababu ya kwato. Mvule kwato hazikuufikia, samadi iliufikia.

Masika yalipoingia, mti ulinenepa kama bibi harusi. Majani yakafungana, tawi likalemewa, likashuka mpaka likaanza kulikwaruza paa.

Bwana miti wa serikali, kijana aitwaye Selestine, alipita na baiskeli yake. Akasimama, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, lile tawi litaua watu. Niombee kibali."

"Kibali cha kukata mti wenye afya hivi? Watanicheka ofisini." Akatazama samadi, akatazama zizi, akatabasamu. "Kumbe kuna wazee wanaoipenda misitu! Mzee, endelea kuutunza."

Akapanda baiskeli, akaenda zake. Kisyeri alibaki na sifa ambazo hakujua aziweke wapi.

Alasiri upepo ulikuja. Tawi likalia, likapasuka kidogo shinani, likakaa hivyo, halianguki wala halipandi. Bhoke alitoa watoto, akatoa vyungu, akatoa ngozi za kulalia, akavipanga uani kama mtu anayehama. Kisha akaketi juu ya kinu.

"Rudisha vitu ndani, mama Robi," alisema Kisyeri kwa sauti ya mtu aliyeishiwa. "Limeshika bado."

"Sirudi chini ya hilo tawi. Jenga kule mbele."

"Unajua nyumba ni nini? Nguzo, fito, udongo, nyasi! Mimi mgongo umekwisha, na hao ndugu zako nitawaita mara ngapi?"

Bhoke alimtazama, akalitazama zizi.

"Zizi zima ulilibeba ukalipeleka kwenye mti. Kuiondoa nyumba yangu kwenye mti, ndiyo mgongo unauma?"