Vikombe Themanini, Watu Saba

Krrr. Krrr. Chuma kilikuwa kinakwangua lami mahali fulani nyuma ya dhoruba, na sisi pale madhabahuni tukaganda na vikombe mikononi. Greda la kusafisha theluji barabarani. Wilaya yetu ya Dakota Kaskazini ina dereva mmoja tu wa greda, Dwight Pettibone, Mbatisti asiyegusa hata dawa ya kikohozi ikiwa na kilevi. Ndiye baba wa Marnie, niliyemposa. Jibu la posa baba huyo aliniahidi Jumapili hiyo hiyo.

Kosa lilikuwa la Mchungaji Knaack. Vikombe themanini vya Meza ya Bwana, vidogo kama vifuniko vya chupa, vilijazwa divai tangu Jumamosi. Tulifika saba, yeye akiwemo. Akasema Mlutheri huchelewa lakini hakosi, akavitamkia vyote maneno ya Bwana. Hakuja mwingine. Na sisi hatufundishi kwamba divai ile ni mfano wa damu. Ni damu yenyewe. Hairudishwi chupani, haimwagwi kwenye sinki. Ardhi ingeipokea kwa heshima, lakini ilikuwa imelala chini ya mita nzima ya theluji. Ikabaki kunywa.

Kufikia kikombe cha tisa Mama Hedvig, mpiga kinanda wetu wa miaka themanini na moja, alishavua kiatu kimoja na alikuwa akimtajia Mchungaji makosa ya mahubiri yake yote tangu ahamie kwetu.

Mlango ukafunguka. Pettibone akaingia na ndevu za barafu kutuambia barabara iko wazi. Akanikuta nimeegemea kisima cha ubatizo, mashavu mekundu, kikombe mkononi.

Mchungaji akamweleza fundisho lote, mara mbili. Pettibone akasema kwao ni juisi ya zabibu, na ikibaki watoto wanaimaliza.

"Ndiyo maana hawana meno," akasema Mama Hedvig.

Pettibone akapangusa barafu ndevuni. Akanisogelea.

"Kijana, kimwage hicho kimoja tu, hapo nje. Halafu tuongee habari za Marnie."

Nilimpenda Marnie hadi kwenye kucha. Nikakinywa kikombe chote, nikalamba ukingo.

"Hicho si changu kumwaga," nikamwambia. "Hata kwa ajili yake."

Akanitazama sana. Akasema hajawahi kuona watu wakilewa kwa utii, na kwamba ni upumbavu mtupu. Kisha akasema wachumba wawili wa Marnie walionitangulia walikubali kila alilowaambia, mpaka yeye mwenyewe akawachoka. Akangoja tumalize vikombe vilivyobaki, akatuamuru tuvae makoti. Hakuna kati yetu ambaye angeweza kushika usukani.

Greda lina kiti kimoja cha abiria. Alikwenda safari sita, maana Mchungaji anakaa jirani na kanisa, na mimi nikawa wa mwisho. Karibu na kwetu akapunguza mwendo, akauliza harusini tutakunywa nini, kwani ndugu zake wote watakuwepo.

"Meza ya Bwana ni ya Bwana," nikasema. "Lakini karamu ni yangu. Baba, nakuahidi, hakutakuwa na tone la divai. Na atakayeleta chupa kwa siri nitamtoa nje mwenyewe, hata awe mchungaji."