Nyuzi za Marehemu Ansbert

Gitaa la Ansbert, Seifu alikabidhiwa na mjane mwenyewe, Mama Euphrasia, likiwa limefungwa kwenye kanga. Nyuzi zimelegea. Seifu akajua ni kukaa tu. Miezi mitano toka mwenye gitaa azikwe, nani wa kulishika? Akazikaza moja moja kwa tyuna, kile kipima sauti cha kwenye simu, mpaka zikasimama sawasawa.

Huyu Seifu mchana anauza spea za pikipiki mtaa wa Gerezani. Shule aliishia kidato cha pili, ila mdomo wake haujawahi kuishia popote. Reli Nyeusi walimchukua ashike nafasi ya Ansbert kwa vidole vyake, si kwa adabu. Bendi ya roki hiyo, roki ngumu ya kupasua masikio, waliianzisha vijana wa karakana ya reli enzi hizo, sasa wote mvi. Walikuwa wanarekodi albamu ambayo kila mtu alijua ndiyo ya mwisho, na Mzee Hashimu, mwimbaji, alitaka kitu kimoja tu: aurudie ule wimbo uliowatoa kimuziki, kwa sauti ile ile ya ujanani.

Studio ni chumba cha ghorofa ya tatu Kariakoo, juu ya duka la vitenge, kuta zimebandikwa magodoro. Adhana ikilia mnasimama, ikiisha mnaendelea.

Seifu alipogusa tu nyuzi, Tarsis, mpiga besi, akamsogelea sikioni, akamwambia azirudishe zilivyokuwa. Seifu akauliza kwa nini. Tarsis akamwangalia Mzee Hashimu pale anakunywa chai ya tangawizi, akasema shusha tu, dogo. Seifu akagoma. Akasema wote wasikie, kwamba tyuna haidanganyi, na kama masikio ya wazee yamezoea gitaa lililolegea, hilo si tatizo lake. Tarsis angesema nini mbele ya mzee mwenyewe? Akakaza na yeye besi lake.

Wakaanza. Ubeti wa kwanza mzee akapita kwa shida. Kwenye kiitikio, pale sauti inapopanda, ikapasuka. Akakohoa, akasingizia vumbi. Wakarudia, ikapasuka tena. Mara ya tatu haikutoka kabisa. Alibaki mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Akavua kofia, akakaa.

"Nimekwisha," akasema.

Hapo ndipo Seifu akaelewa. Zile nyuzi hazikulegea zenyewe; zilishushwa ili wimbo ushuke, mzee aufikie. Na kwa vile hajui kumeza neno, na kwa vile alimwonea mzee huruma ya kweli, akalisema.

"Hujaisha, mzee. Kosa langu. Marehemu alikuwa anakushushia nyuzi, mimi nikazikaza."

Alidhani kamtua mzigo. Tarsis akafumba macho.

"Toka lini?" Mzee Hashimu akauliza. Akageuka. "Tarsis, nakuuliza wewe."

"Miaka kumi na moja. Kidogo kidogo. Kila ukishuka, na sisi tunashuka. Ansbert alisema atakayekwambia atamvunjia gitaa kichwani."

Mzee akacheka kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa anawatambia wenzake kwamba wao wanazeeka, yeye koo lake chuma. Na Ansbert alikuwa anaitikia, chuma kweli, kaka.

Seifu akashusha nyuzi mbio mbio, Tarsis naye besi lake. Wakapiga. Ubeti mzee akauimba vizuri, mpaka mafundi wa studio wakatazamana. Kilipofika kiitikio akanyamaza. Hakujaribu hata.

"Nasikia sasa," akasema. "Kila nikifungua mdomo, nasikia Ansbert ananishusha."

Akachukua kofia yake, akashuka ngazi. Hakurudi.

Albamu imetoka. Wimbo ule una ubeti mmoja wa kuimbwa, halafu kwenye kiitikio kuna gitaa peke yake. Seifu anapita pale pale ilipopita sauti ya mzee, bila madoido, yeye aliyependa madoido kuliko chakula. Watu wanamsifia, wanasema dogo pale katulia.

Nakala ya mzee, Seifu aliipeleka mwenyewe nyumbani kwake, kwenye flashi. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaletewa maji ya kunywa. Mzee Hashimu aliipokea ile flashi, akamshukuru, akaiweka juu ya kabati.

Redio yenye tundu la flashi ilikuwa pale pale mezani.