Vipande vya Kulinganishia

Wanasema hasira hasara. Mimi nalipwa mshahara kwa hasira zangu: kazi yangu ni kuvunja vyuma, na wenzangu wananiita Mama Vunja.

Katika jengo letu kuna mashine ndefu inayorusha chembe kwa kasi ya ajabu zikagonge mkondo wa lithiamu iliyoyeyuka. Hapo nyutroni, vijichembe vya ndani ya kiini cha atomi, huchomoka kama mchele kwenye gunia lililopasuka. Mbele yake tuliweka vipande ishirini vya chuma, kila kimoja urefu wa pingili ya kidole, vipigwe miaka mitatu. Siku moja watu watajenga tanuri la kuunganisha viini vya atomi, kama jua linavyofanya, na kuta zake zitapigwa vivyo hivyo. Waliotuletea chuma walitaka kujua kama kitahimili au kitakatika kama biskuti.

Kipande kilichopigwa hakikupi jibu peke yake. Unakivunja, kisha unavunja ndugu yake aliyetoka chungu kimoja cha kuyeyushia na hakuguswa na nyutroni hata moja. Tofauti yao ndiyo jibu. Ndugu hao ishirini walikaa kwenye droo yangu, kila mmoja kachongwa namba yake, na chungu kile hakikubakiza kingine.

Jumatatu asubuhi nilivunja cha kwanza kwa mikono ya mashine, mimi nikiwa upande huu wa kioo kinene. Kikakatika pa! Nikaenda kumchukua ndugu yake. Droo tupu.

Nikapanda kwa Mkurugenzi. Alikuwa amejinyoosha kitini, anachokonoa sikio. Nikatazama anachochokonolea: chembamba katikati, kipana nchani, kinang'aa kwa kromu. Akakitoa, akaikagua nta ya njano, akaipangusa kwenye suruali. Chini ya utando uliobaki nikasoma namba kumi na nne.

"Hicho umekitoa wapi, bosi?"

"Si vishikio vya funguo! Tuliwapa wageni wa Ijumaa. Vilikuwa vinakaa bure tu kwenye droo yako. Sonara kavitoboa, kavipaka, kavioka mpaka vikang'aa. Watu wamevipenda, we acha tu."

"Vimeokwa?"

"Vizuri kabisa."

Chuma kikiokwa hakiwi tena kile cha mwanzo. Hata ningewafuata wageni wote hadi majumbani kwao, visingenifaa kitu.

"Sasa mimi nilinganishe na nini?"

"Kata vingine, stoo kumejaa. Chuma ni chuma, mama. Nani atajua?"

"Mimi."

Akacheka, akaninyooshea mkono uleule kunipa peremende. Niliondoka bila kuaga.

Mdogo wa mume wangu ndiye fundi wa mashine ile, aliyeiangalia miaka yote mitatu isizimike. Alinikuta mezani na fomu ya matokeo. Habari alikuwa nayo. Nilidhani atapasuka kwa hasira, tupande pamoja tukampe yule bwana vidonge vyake. Badala yake akaniwekea kalamu mbele.

"Andika tu, shem. Tumia vya stoo."

"Hata wewe?"

"Sikiliza. Mama alipofariki, mashine ilikuwa inayumba. Ningeiacha ingezimika, tungeanza upya. Mkazika nyie, mie nimebaki hapa. Leo uandike kwamba ilikuwa kazi bure?"

Nilichukizwa na Mkurugenzi na masikio yake, nikachukizwa na shemeji kwa kumleta marehemu mama mkwe kwenye uongo, na zaidi nilijichukia mwenyewe, maana kwa dakika nzima niliifikiria stoo. Nilihesabu hata itachukua muda gani kukata vipande ishirini. Halafu nikaufikiria ukuta utakaojengwa kwa neno langu, na watu watakaofanya kazi nyuma yake wakiniamini.

Nikaandika: "Vipande vya kulinganishia havipo. Vimetobolewa na kuokwa kwa amri ya Mkurugenzi. Jaribio halina jibu." Nikatia sahihi.

Shemeji alisoma hadi mwisho. Nilingoja anitukane, hakunitukana. Aliirudisha karatasi taratibu, akaniuliza kaburi la mama liko upande gani wa makaburi, maana yeye hajawahi kufika.