Kirusi cha Ukoo Mzima

Dada yangu anafanya kazi maabara, na nyumbani tunamwita Bi Vipimo, maana hakuna aliyesalimika na sindano yake. Mimba yangu ilipoanza kuonekana, akanitoa damu kimyakimya, nje ya utaratibu, aipime kwa kipimo kipya walichokuwa wakikitengeneza. Jioni akarudi amepauka. Akaniambia kwamba nina kirusi cha jamii moja na kile cha ukimwi, ingawa si chenyewe.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Ni seremala, mtu asiyepandisha sauti hata nyundo ikimponda kidole.

"Basi hiyo mimba ni ya nani?" akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Alihamishia godoro lake karakanani, nami nikabaki nalia, nikihofia nimemwambukiza mwanangu kitu nisichojua nimekitoa wapi.

Kesho yake Dada akamfuata shemeji yake huko huko, akamtoa damu. Anacho. Nikacheka kwa uchungu. Dada akajipima: anacho. Akampima mama yetu, mjane anayekaa kitako na tasbihi yake tangu asubuhi: anacho. Hapo akaenda kujisalimisha kwa mkuu wake.

Mkuu alimuuliza kama alipima damu ya mtu mwingine sambamba na yangu, ya kulinganishia. Hakupima. Kwa damu ya mgeni angefuata kila hatua; ya mdogo wake ilimtia kiwewe. Kipimo kilikuwa kimenasa mabaki ya kirusi kilichowaingia mababu zetu kabla hawajawa binadamu, tukarithishana kwenye vinasaba. Kila mtu anayo. Na mabaki mengine ya namna hiyo, Dada alinieleza akifuta machozi, ndiyo yanayosaidia kujenga kondo la nyuma. Bila hayo mimba isingeshika.

Godoro lilirudi jioni hiyo hiyo. Mume wangu ametengeneza kitanda cha mtoto, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza. Juzi akaniuliza mbona namjibu kwa mkato, wakati kosa lilikuwa la kipimo.

"Kipimo hakikuuliza mimba ni ya nani," nikamwambia. "Uliuliza wewe."

Akainamia msasa wake. Kile kirusi kilikaa ndani yetu mamilioni ya miaka mpaka kikapata kazi ya maana. Lile swali lake bado bichi, na linaniuma. Mtoto akapiga teke. Nikauchukua mkono wa mume wangu nikauweka tumboni, kwa sababu mtoto ni wake. Kisha nikautoa, nikaingia ndani.